Mgongo wa Mama, Mwezi wa Saba

Watu wa pwani na watu wa maziwa wakisikia kwamba Katanga kuna baridi, wanacheka. Kongo gani hiyo yenye baridi? Basi waje waamke Kamalondo, mtaa wetu, mwezi wa saba, saa kumi na moja alfajiri, waende robineni, yaani bombani, na ndoo mkononi, halafu wacheke tena tuwasikie. Mimi nimezaliwa humo. Nimeona majani ya kando ya reli yamekuwa meupe kwa umande ulioganda kabla jua halijatoka. Nimeona kina mama wakishika mpini wa ndoo kwa pindo la nguo kwa sababu chuma kilikuwa kinauma mkono. Tulikuwa na jirani mmoja, mzee, aliyeanika bulangeti lake juani mchana kutwa na kukaa kando yake akililinda, ili usiku liwe na kajoto kidogo.

Lakini sikukaa chini niwaandikie juu ya hali ya hewa. Ninaandika juu ya wivu wangu, na wivu wangu ulizaliwa katika baridi ile. Mtu asije akasema nilimficha: nilikuwa mtoto mwenye kijicho, tena kijicho cha kukosesha usingizi. Na sijapona.

Ilikuwa miaka ya vita ya pili ya Wazungu. Nyumbani tulikuwa watatu, baba, mama na mimi. Baba alikuwa seremala kwenye karakana ya reli. Mama alizaliwa Kilwa, kwenye ziwa Mweru, ambako hata usiku mtu analala na kanga moja, na hakuizoea baridi ya mji hata baada ya kuolewa miaka mingi. Mwezi wa tano ukikaribia kwisha aliangalia mbingu, akasema, "Haya, yule mubaya anakuya." Aliizungumzia baridi vile mwanamke anavyomzungumzia mke mwenza.

Nyumba yetu ilikuwa ya vyumba viwili. Mimi nililala sebuleni kwenye mkeka. Mbabula, lile jiko letu la makala, yaani makaa, lililotobolewa matundu pande zote, ilitolewa nje kabla hatujalala, maana baba alikuwa amesaidia kubeba watu waliolala nayo ndani na mlango umefungwa, wasiamke tena. Kwa hiyo usiku kila mtu alivumilia na bulangeti lake. Lakini king'ora cha kazi kilipolia, giza likiwa bado, baba aliamka, akavaa koti, akatoka, na hapo ndipo siku yangu ilipoanza. Nilingoja mlango ufungwe. Nilikimbia pekupeku juu ya saruji, nikaingia kitandani kwa mama mahali alipotoka baba, pakiwa bado na joto, nikabandika tumbo langu kwenye mgongo wake. Hakugeuka. Alinyoosha mkono nyuma, akaivuta miguu yangu iliyoganda, akaibana katikati ya miguu yake na kuguna, "Mm! We uko samaki." Tulilala hivyo mpaka kulipokucha. Saa ile moja ilikuwa yangu, na hakuna mtoto mwingine aliyeweza kuidai, kwa kuwa mtoto mwingine hakuwako.

Kisha akaja mtoto wa Kilwa.

Dada yake mama, mkubwa wake, alikuwa amefariki na kuacha msichana mmoja. Kwetu mtoto wa mama mkubwa si binamu. Ni dada yako wa tumbo moja, na mama yako ni mama yake, kwisha maneno. Alifika mwezi wa sita juu ya kamyo, lori la mfanyabiashara wa samaki, amekaa juu ya magunia siku mbili nzima, na kigauni cha pamba kisicho na mikono. Alikuwa na miaka kumi kama mimi, ila alinizidi miezi michache, kwa hiyo nikaambiwa nimwite yaya, yaani dada mkubwa. Yaya! Msichana aliyenuka samaki, hajui kufungua robine, namwita yaya. Yeye alimwita mama yangu "mama" tangu siku ya kwanza, bila hata kujaribu kusema "mama mudogo" kwanza ili tumzoee.

Asubuhi yake ya kwanza alitoka uani, akaona moshi unatoka kinywani mwangu nilipokuwa ninaongea, akapiga kelele. "Mama! Huyu anaungua ndani!" Halafu akaona unatoka kinywani mwake pia, akaziba mdomo kwa mikono miwili, macho yamemtoka. Jirani walicheka, baba alicheka, mama alicheka mpaka akafuta machozi, akamvuta na kumkumbatia, akimwambia ni pumzi tu, pumzi ya baridi. Mimi nami nilikuwa ninacheka. Kisha nikaona jinsi mama alivyomshika, nikaacha.

Hakujua kabisa jinsi ya kuishi na baridi. Sisi watoto wa mji tulijua: unakimbia, unaruka, unasimama upande wa ukuta unaopigwa na jua, unaiba makala mawili ya jirani. Yeye alikaa tu. Alikunja magoti ndani ya kigauni chake na kutetemeka bila kusogea, akiingoja ipite kama mvua. Mama alimuuliza kwani Kilwa wakati huu wanafanyaje, na yeye akajibu, "Si tunaingia mu maji?" Mama akapiga makofi. "Ee! Kweli! Tulikuwa tunaingia mu maji!" Nikaelezwa, maana mimi sikujua. Katika miezi ile upepo wa asubuhi ukivuma kwenye ziwa, hewa inakuwa baridi lakini maji yanabaki na joto la jana. Basi watoto wanakimbia kutoka nyumbani, wanaingia moja kwa moja mpaka shingoni, na wanakaa humo, vichwa tu nje, wakipiga hadithi mpaka jua lipande. Walisimuliana hayo jioni nzima kando ya mbabula, wakiingiza maneno ya lugha yao ya kule ambayo mimi niliyaelewa nusunusu. Walikuwa na ziwa lao. Mimi nilikuwa na robine.

Kulikuwa pia na mambo ya triko, yaani sweta. Mama alikuwa anakwenda fuaye, mahali ambapo mabibi wa Kizungu waliwafundisha wanawake wetu kushona na kufuma, na tangu Pasaka alikuwa ananifumia triko nyekundu. Mara ngapi nilisimama mbele yake na mkono umenyooshwa, apime! Mikono ilikuwa imekwisha, bado shingo tu. Siku moja ninatoka shule, nakuta mtoto wa Kilwa ndiye amesimama na mkono umenyooshwa, na mama anafumua bega lile apanue, kwa kuwa mabega ya yule yalikuwa mapana kwa kupiga kasia.

"Mama, na miye?"

"We ulizaliwa mu baridi," mama alisema, hata hakuinua macho. "Ngozi yako inaijua."

Ngozi yangu ilikuwa haijui kitu! Ngozi yangu iliumia kama ngozi ya mtu mwingine yeyote. Nilinuna siku tatu, na hakuna aliyeona kwamba nimenuna, na hilo lilinichoma kuliko triko yenyewe.

Lakini hayo yote ningeyameza. Kilichonishinda ni kitanda. Wiki ya pili au ya tatu, king'ora kikalia, baba akatoka, nikajiandaa kukimbia, na kabla sijasimama mama akaja mwenyewe sebuleni na bulangeti mabegani. Alikuwa amesikia meno ya yule yakigongana. Alimwinua kutoka kwenye mkeka wetu, mtoto mzima wa miaka kumi, akamchukua kitandani. Nikawafuata. Kitanda chetu kilikuwa chembamba, kimesukumwa ukutani, na nafasi nyuma ya mgongo wa mama ilikuwa moja tu.

"Rudi ku mukeka, mama," aliniambia kwa upole, "bulangeti sasa iko yako yote."

Eti bulangeti lote langu. Kana kwamba ndicho nilichokuwa ninalilia! Nilirudi, nikalala katikati ya mkeka, na kupitia mlango wa chumba ulioachwa wazi nikamsikia anaguna, "Mm! We uko samaki." Alimwambia yule. Maneno yangu. Roho iliniuma, nikauma ncha ya bulangeti ili nisilie kwa sauti. Ikawa hivyo kila asubuhi.

Sasa nifike mahali ambapo sipendi kufika.

Ilikuwa mwezi wa saba, na baridi ilikuwa imekaza kuliko siku zote. Nilimsikia baba akifungua mlango na kusema peke yake, "Leo iko mubaya." Akaondoka. Mama hakuja kumchukua mtoto wa Kilwa. Nikadhani amepitiwa na usingizi. Yule aliketi kwenye mkeka, triko yangu mwilini, akitetemeka.

"Saa hii ku Kilwa tuko mu maji," alisema.

Uani kwetu kulikuwa na pipa lililokatwa nusu, ambalo mama alilijaza maji jioni ya kuamkia siku ya kufua, na jana yake alikuwa amelijaza. Mtoto aliweza kukaa ndani yake. Maji yale yalikuwa yamelala nje usiku kucha, na kila mtoto wa Kamalondo alijua maji ya namna hiyo yako namna gani. Sikupanga kitu. Lakini neno lilikuwa limekwisha kufika mdomoni.

"Hata hapa iko vile," nilisema. "Ile maji ya pipa inalalaka na joto ya muchana. Iko moto sawa ya ziwa."

"Kweli?"

"Kweli. Ingia mpaka mu shingo. Ukiskia baridi, usitoke mbio. Ngoja kidogo, joto inakuya."

Mtoto wa mji angechovya kidole kwanza, angenitukana, na mambo yangeishia hapo. Lakini mtoto wa ziwa hapimi maji kwa kidole. Anayaamini, anaingia. Alivua triko akaikunja vizuri, akatoka. Nilisikia maji yakimwagika, nikasikia pumzi moja aliyoivuta kwa nguvu, kisha kimya.

Nikakimbia kitandani. Sitajipamba: sikumfikiria hata kidogo. Nilipanda mahali pa baba, nikabandika tumbo langu kwenye mgongo wa mama, na mkono wake ukaja nyuma, ukaivuta miguu yangu na kuibana. Hakusema kitu. Nilikuwa na furaha, na katika furaha hiyo nikapitiwa na usingizi.

Kelele za mama ndizo zilizoniamsha. Kulikuwa kumekucha. Alikuwa amemkuta yule bado ameketi ndani ya pipa, maji shingoni, midomo imekuwa rangi ya majivu. Hakuwa analia. Alikuwa amekaa kwa utii, anangoja. Mama alipomtoa alijaribu kusema, taya zake zikakataa, akasema tu, "Bado haijakuya."

Tulimfunika kwa mabulangeti yote, jirani wakaleta mbabula zao mbili wakafungua madirisha. Jioni mwili ulikuwa moto kama makala yenyewe. Kesho yake mama alimbeba mgongoni mpaka hospitali ya Weusi, na munganga, yaani daktari, akasema ni nimonia, mapafu yote mawili. Mama aliulizwa ilikuwaje. Akajibu kwamba mtoto ametoka ziwani, hajui maji ya huku. Watu wakatikisa vichwa, wakasema maskini, hawa wa maziwa. Jambo likaishia hapo.

Hapo ndipo nilipompoteza mama kabisa. Alilala hospitalini, chini ya kitanda cha yule, juu ya sakafu, wiki tatu. Mimi nilibaki na baba, ambaye hakujua hata kusuka nywele. Na nisemeje? Nilimwonea wivu mgonjwa. Nilimwonea wivu hata homa yake. Asubuhi nilisimama uani bila nguo ya juu, nikiomba nami nipate kikohozi, na nilipokosa nikakohoa cha uongo mbele ya baba. Aliniambia ninywe maji.

Siku moja nilipeleka bukari, ugali wetu, na mama akaenda kuosha sahani, tukabaki wawili, mimi na mgonjwa. Uso wake ulikuwa umebaki macho tu.

"Sikusema," aliniambia.

Nilijifanya sijui anazungumza juu ya nini. Kisha nikashindwa, nikauliza sababu, "Juu ya nini haukusema?"

"Nikisema, watagombana mu nyumba, kisha watanirudisha Kilwa. Kule sina mama."

Hakusema kwa hasira. Alisema vile mtu anavyosema bei ya chumvi. Na mimi nikaelewa, na miaka yangu kumi, kwamba njia ya kumrudisha Kilwa nilikuwa nayo mdomoni. Ningesema tu nilichofanya, ningechapwa, na yule angeondoka, nami ningebaki na mama yangu. Lakini mama huyo angejua mimi ni mtu gani. Nikanyamaza. Tangu siku hiyo tulikuwa dada, kwa maana kila mmoja alimwogopa mwenzake kidogo.

Alipona, ila kifua hakikupona vizuri. Na mama alibadilika. Baba akishatoka alfajiri, alifunga mlango wa chumba kwa kitasa. Hakumchukua tena yaya, wala mimi. Lakini mchana, aka! Kichwa cha samaki, kwa yaya. Viatu vipya, kwa yaya kwanza. Yaya akikohoa mara moja, mama anaacha unga motoni, anatoka mbio. Yaya alipoolewa, mama alilia kituoni mpaka watu wakamshika mikono. Nilipoolewa mimi, aliniangalia nguo kama imekaa vizuri mabegani. Nilihesabu hayo yote moyoni, sikusahau hata moja, na nikayafanyia jumla yangu: mama alipewa watoto wawili, akachagua, na hakunichagua mimi.

Nilikuja kusema miaka mingi baadaye, uhuru ukiwa unakaribia. Nilikuwa nimejifungua mtoto wa kwanza katikati ya mwezi wa sita, na mama akaja kwangu kunisaidia. Ilikuwa mchana, tumekaa na mbabula katikati, yeye anapasha joto nguo za mtoto moja moja kabla ya kumvalisha. Sijui ni nini kilinishika. Labda ni jinsi alivyozipasha.

"Mama," nilisema, "ile maji ya pipa. Ni miye njo nilimwambia iko moto."

Aligeuza nguo upande wa pili. "Najua."

"Yaya alikuambia?"

"Aka. Yule hakusema kitu. Nilikuwa macho. Nilisikia vile unamwambia aingie mpaka mu shingo."

Alizungumza akiangalia makala.

"Nikasema, acha niamuke. Nikatoa muguu moja inje ya bulangeti. Weee, ile baridi! Nikarudisha muguu. Nikasema, ni batoto, atagusa maji, atarudi mbio. Na palepale we ukakuya."

"Nikakuya ku kitanda."

"Ukakuya ku mugongo yangu. Siku mingi sikukuskia pale. Nilikuwa nimekukosa, mama. Nikasema, acha nimuskie huyu wangu kidogo tu, kisha nitaamuka." Aliikunja ile nguo, akaikunjua, akaikunja tena. "Kidogo ikakuwa mpaka jua. Ningemuua mutoto wa dada yangu juu ya ile kidogo."

Hakulia. Mimi ndiye niliyelia, nikiwa na mtoto wangu mapajani. Vichwa vya samaki, viatu, mbio za kuacha unga motoni, yote niliyokuwa nimeyahesabu kama mapenzi, yalikuwa ni malipo ya mtu anayemwogopa Mungu. Na huku mimi, niliyekuwa ninajiona nimetupwa, ndiye niliyekuwa nimemzuia asiamke.

Alifuta uso wangu kwa nguo ile yenye joto, kisha akaniinamia. "Usimwambie yaya yako," alisema. "Anajua ya kwako tu. Ya kwangu haijui. Hii ibaki ya shiye babili."

Ya shiye babili. Ya sisi wawili. Nilipaswa kusikia majuto ya mama yangu, na sikusikia kitu kingine ila maneno hayo. Nilifurahi. Mungu anisamehe, nilikaa pale na machozi usoni na nikafurahi kama mtoto wa miaka kumi.

Mama amekwisha kufa. Yaya yuko, anaishi mtaa wa pili kutoka kwangu, na kila mwaka baridi ikiingia kifua kinambana, ninakwenda kumsugua mafuta. Hunisimulia jinsi mama alivyompenda. Ninaitikia, ee, alikupenda. Ningeweza kumwambia. Labda angekuwa na haki ya kujua. Simwambii, na msidhani ni huruma: ni kitu pekee cha mama ambacho yeye hana.